Shemeji na Matunda ya Waridi

Mtu akikwambia kuotesha waridi-mwitu kwa mbegu ni kazi ya utulivu, muulize kwanza kama ana shemeji.

Nilikuwa nimepata matunda ya Rosa rugosa, lile waridi la vichaka lenye asili ya Japani, Korea na Uchina, linalonukia mpaka shingo inageuka yenyewe. Nikakaa mezani na kisu na bakuli. Ukilipasua tunda lake jekundu, ndani unakuta mbegu ngumu zimezungukwa na vinyweleo vyembamba vinavyometameta kwenye ncha ya kisu. Vinapendeza, lakini usidanganyike: huo ni upupu uliovaa nguo za harusi. Watu wamewahi kuvifanya unga wa kuwasha, wa kuchezeana shere.

Vikaingia kwenye mikono ya shati. Nikafuta jasho, shingo ikawaka. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliingia akanikuta najisugua mgongo kwenye fremu ya mlango. Yeye hakuna jambo asilolijua.

"Shemeji, unachezea chakula! Haya yana vitamini C kuliko chungwa."

Na hapo, niseme haki, hakukosea.

"Kweli shemeji, ila huliwa nyama ya nje tu. Huko ndani..."

La kwanza lilishakwenda, zima zima. La pili likafuata. "Mbona matamu?"

Ulimi ndio uliotangulia kujibu. Aliomba maji, akaomba maziwa, mwisho akawa anaukwangua kwa kijiko huku machozi yanamtoka. Tukabaki sebuleni watu wazima wawili, huyu anakuna shingo, yule anakwangua ulimi, na mke wangu anatutazama bila kuuliza kitu. Vinyweleo vile vinawasha wakati wa kuingia, na havisahau wakati wa kutoka. Asubuhi shemeji alikunywa chai amesimama. Alipokaribishwa kiti alisema ananyoosha miguu.

Mbegu nikaziosha, nikazitia kwenye kopo la mchanga wenye unyevu, nikaliweka kwenye friji, karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Zisipoonja baridi ya miezi kadhaa hazishtuki, zinadhani majira ya baridi hayajapita. Kopo nikaliandika SUMU kwa herufi kubwa. Wageni wengine nisingewaandikia hivyo.

Miche michache ikachomoza. Shemeji akaja kuikagua, mikono nyuma, sura ya bwana shamba.

"Friji ya nini? Porini ndege ndio hula haya matunda, mbegu zinapita tumboni, wanazisambaza. Zangu mimi nilishazipitisha."

Mke wangu hata hakuinua kichwa.

"Sawa kaka. Basi kazisambazie kwako."