Kuonana tu mpaka tulipe?

Hivi kukaa na wenzangu siku hizi mpaka nivunje kibubu? Hapa Lamu, kila nikisema tukutane, jibu ni moja: "Twende Shela." Kijiji cha ufukweni, nje ya mji: boti ya kwenda, boti ya kurudi, juisi ya embe kwa bei ya mzungu. Na mazungumzo yenyewe hakuna, kila mtu kainamia simu.

Na pale Mkunguni, uwanja wa mjini mbele ya ngome, kukaa ni bure! Kahawa chungu, kashata tugawane, bao, na habari za mji mzima. Nikipendekeza, naambiwa nimeanza uzee.

Juzi nikasema nitakwenda kwa miguu, kilomita 3 tu. Wakanicheka, wakapanda boti. Kumbe bamvua, bahari imejaa mpaka njiani, nimefika kikoi chote kimelowa. Bili ikaja, ikagawanywa sawa kwa sawa. Mimi niliyekunywa maji!