Skrubu ya goti na kazi yake ya wiki chache

Ligamenti ya mbele ya goti (ACL), mojawapo ya mishipi inayounganisha mfupa wa paja na muundi, ikikatika, mara nyingi daktari huweka kano iliyotolewa kwingine mwilini mwa mgonjwa. Kano hiyo hupitishwa kwenye tundu la mfupa wa paja na lile la muundi, kisha skrubu hukazwa ubavuni mwake ili ibanwe ukutani mwa tundu. Mwaka 1987 mtafiti Kurosaka na wenzake walionyesha kwamba katika siku za mwanzo kinachoachia kwanza ni ushikizo, yaani mahali kano inapobanwa kwenye mfupa, kano yenyewe bado nzima. Tangu hapo watu wanabishana: skrubu ya titani, ambayo ni chuma, au ile inayoyeyuka mwilini?

Wanaotetea titani wana hoja nzito. Haivunjiki kirahisi inapokazwa, ilhali ile ya kuyeyuka huweza kupasuka mkononi mwa daktari, na baadaye kuleta maji gotini au uvimbe ndani ya tundu. Hata huko kuyeyuka kwenyewe huchukua miaka kwa baadhi ya aina. Upande wa pili nao haukosei: titani huharibu picha za MRI, na goti likihitaji kufanyiwa upasuaji tena, chuma kile huziba njia. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona tofauti ya wazi katika namna wagonjwa wanavyolitumia goti, ingawa skrubu za kuyeyuka zilielekea kushindwa zaidi. Ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu, kwa hiyo nasita kumpa yeyote ushindi.

Kinachonisumbua ni kipimo kinachotegemewa. Maabara nyingi huvuta kano mara moja mpaka ichomoke, kisha hutangaza nguvu iliyohitajika, kwa nyutoni. Goti la mtu anayejifunza kutembea upya huvutwa kidogo kidogo, maelfu ya mara. Kano ikiteleza milimita chache tu, goti hulegea bila chochote kukatika. Hatari ni kubwa zaidi upande wa muundi, ambako mfupa ni laini na mvuto hufuata mstari wa tundu. Skrubu ikiingia mshazari, bila kufuata mstari wa tundu, ushikizo hupungua, iwe ya titani au la. Kuongeza unene wa skrubu nako kuna mipaka, kwani nyuzi za skrubu huweza kuikata kano.

Kazi kubwa ya skrubu ni kuishika kano mpaka ishikane na mfupa. Kano yenye vipande vya mfupa kwenye ncha zake hushikana na tundu kwa takriban wiki 6 hadi 8. Isiyo navyo huhitaji hadi 12 au zaidi. Ndiyo maana ningemuuliza daktari kwanza kuhusu ugumu wa mfupa wangu, mwelekeo wa skrubu na mazoezi ya wiki hizo, kabla ya kuuliza skrubu imetengenezwa kwa kitu gani.