Kadi Isiyo na Tarehe

Laiti ningeviita vile vipande vya karatasi ngumu vikaratasi, au vibandiko, au jina lolote jingine, leo nisingekuwa naulizwa kila nifikapo Wete kwamba harusi imeahirishwa hadi lini. Lakini mimi niliviita kadi, kwa sababu ndivyo zoezi lenyewe linavyoitwa, upangaji wa kadi, na kwa sababu mtu aliyejifunza jambo jipya mjini huwa na kiherehere cha kulitaja kwa jina lake kamili mbele ya shangazi yake.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Bi mkubwa mmoja mwenye duka karibu na soko la Wete, ambaye sitamtaja kwa jina kwa kuwa nimekwisha kumtia aibu ya kutosha, alinitaka nimtengenezee tovuti ya kuuzia bidhaa zake hadi kwa watu wa Unguja na Dar es Salaam. Bidhaa alikuwa nazo nyingi: kanga, vikoi, kanzu, kofia za viua, udi na ubani, vyetezo, mirashi, masinia, mabirika, kawa, mikeka, misala, hina, singo, viungo vya kila aina. Mpango wa bidhaa hizo pia alikuwa nao, ameuandika kwa mkono kwenye daftari la mauzo, na menyu aliyoitaka ilikuwa na milango minne: «Rafu ya Juu», «Kabati la Kioo», «Chumba cha Nyuma» na «Chini ya Kaunta».

Nilimweleza kwa adabu kwamba mteja aliyeko Kariakoo hawezi kujua kuwa mdalasini unakaa chini ya kaunta. Alinijibu kwamba kila mtu anajua. Sikumcheka, kwa sababu nimewahi kuona tovuti za maofisi makubwa zilizopangwa kwa mtindo huo huo, ambapo mtu anayetafuta fomu moja tu hutakiwa kwanza ajue fomu hiyo iko chini ya idara gani, na idara iko chini ya kurugenzi gani, utadhani anaomba kazi humo.

Dawa ya ugonjwa huu ni kuwauliza watumiaji wenyewe, na namna ya kuwauliza ni hiyo ya kadi. Unaandika jina la kila bidhaa kwenye kadi yake, unawapa watu kadi zikiwa zimechanganywa, nao wanaziweka mafungu kwa mafungu jinsi wanavyoona inafaa, kisha wanalipa kila fungu jina. Mafungu hayo ndiyo yanayokuonyesha vitu vipi vinakaa pamoja kichwani mwa mteja. Jakob Nielsen, ambaye maneno yake watu wa kazi hii huyachukulia kama fatwa, aliandika mwaka 2004 kwamba watu 15 wanatosha. Nami nikachukua neno la kumi na tano kama lilivyo, nikaandika kadi 48, nikazitoa seti tatu, nikaenda Limbani kwa shangazi.

Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo.

«Shangazi», nilimwambia baada ya kumaliza kuamkiana, «kesho alasiri nahitaji watu kumi na tano, wanawake wawe wengi. Nimekuja na kadi.»

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. «Kadi?»

«Kadi. Arubaini na nane. Nataka watu wa mtaani wanisaidie kuzipanga.»

«Na muda wote huu umekaa kimya, mwanangu! Mwenyewe anajua?»

«Anajua. Yeye ndiye aliyenituma.»

«Siku hizi wao ndio wanaotuma», alisema taratibu, nami nikadhani anawasema wenye maduka. «Ni mtu wa wapi?»

«Wa hapa hapa. Ana duka lake karibu na soko.»

«Msichana mdogo mwenye duka?»

«Si msichana, shangazi, ni mtu mzima. Ana miaka sitini na kitu. Mumewe alifariki akamwachia watoto saba, na wote wamesimama vizuri.»

Alinitazama kwa muda ambao mtu angeweza kupepeta kibaba kizima. «Na wewe umeridhika?»

«Nimeridhika kabisa. Tumekubaliana nusu mwanzo, nusu kazi ikisha. Ya mwanzo ameshanipa.»

«Yeye ndiye anayekulipa wewe?»

«Sasa shangazi, nitafanya bure?»

«La haula wala quwwata», alisema, akauweka ungo chini, akajitanda kanga yake akatoka, na mchele ule hakuurudia tena siku hiyo. Mimi nilimaliza kahawa yangu nikiwa na furaha ya mtu aliyepata mhamasishaji.

Siku ya pili walikuja watu 41. Walikuja wamevaa, wamejifukiza, na wengine wamebeba masahani yaliyofunikwa kawa, na walipokata kona ya nyumba wakapiga vigelegele. Moyoni nilisema kwamba Wapemba kwa kweli ni watu wenye mwamko wa teknolojia, na nikaanza kuwaza namna ya kuliandika jambo hilo kwenye ripoti.

Hapa inanibidi nieleze kanuni moja, maana ndiyo iliyoniponza zaidi ya lile neno kadi. Anayesimamia zoezi hili hatakiwi kumwongoza mshiriki. Usimwambie kitu ni cha nini, usikunje uso akikosea, na akikuuliza swali, mrudishie swali lake, kwa sababu ukimpa jibu utakuwa umepima kichwa chako badala ya chake. Kanuni hii nilikuwa nimeishika kama mtoto wa chuoni anavyoishika alifu kwa kijiti.

Tulitandika mikeka mitatu, nikamwaga seti moja ya kadi juu ya kila mkeka, nikasema: «Karibuni mzipange mnavyoona wenyewe.»

Mama mmoja aliinua kadi iliyoandikwa «Sinia Kubwa» akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. «Tarehe iko wapi?»

«Wewe ungependa iwe wapi?» nilimuuliza.

Wakatazamana. Nikaandika kwenye daftari: mshiriki anataka tarehe ionekane, huenda anamaanisha tarehe ya bidhaa kuingia dukani.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa kasi ambayo sikuitarajia. Waliokuwa mkeka wa kwanza walitenga kanga, udi, marashi na kanzu, wakaliita fungu lile «Vya Sanduku». Masinia, mabirika, hiliki na mdalasini yakaitwa «Vya Siku ya Wali». Vyetezo na ubani vikapewa fungu lao. Kwenye mkeka wa tatu bibi mmoja mkongwe, ambaye kila aliyekuwepo alimwamkia, alizichomoa kadi za hina na singo, akaziweka pembeni kabisa, na nilipomuuliza fungu hilo linaitwaje akajibu: «Havimhusu tena.» Wenzake waliinama wakacheka ndani ya kanga. Nikaandika: fungu hili halijaeleweka, lifuatiliwe.

Kisha ikafika ile kadi ya «Mbuzi».

Mimi nilikusudia mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye meno ambacho bi mkubwa alikuwa nacho zaidi ya ishirini katika Chumba cha Nyuma. Lakini kadi ni ndogo, na nilikuwa nimeandika neno moja tu. Mtu aliyekulia kwenye lugha hii anajua kwamba tofauti baina ya kiti cha kukunia na mnyama wa kuchinja haimo katika neno lenyewe bali katika neno linalofuata: mbuzi ya jikoni, mbuzi wa zizini. Kadi yangu haikuwa na neno linalofuata.

«Mbuzi wangapi?» aliuliza mama wa mkeka wa pili.

Ile «wa» ilipita mbele ya masikio yangu nikaiona inapita na sikuisimamisha. «Unaonaje wewe, wangapi wanafaa?»

«Kwa watu hawa, wanne. Lakini ami yako ana mmoja amenona, tuanze na huyo.» Akamwita mtoto, akamnong'oneza, mtoto akatoka mbio. Mimi nikaandika: wanne.

Ilikuwa yapata saa kumi bi mkubwa mwenye duka alipofika, kwa kuwa nilimwambia apite aone fedha zake zinavyofanya kazi. Aliingia uani taratibu kama kawaida yake, na mara aliponyanyua mguu kuvuka kizingiti vikalipuka vigelegele ambavyo nina hakika vilisikika bandarini. Mtu akamnyunyizia marashi kutoka kwenye mrashi. Mtu mwingine akamvika asumini shingoni. Shangazi, ambaye tangu jana alikuwa amekwisha kulia na kunyamaza, alikwenda akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyekubali kadari: «Wifi, karibu. Huyu mtoto wetu hajui kuosha hata kikombe chake, lakini ana moyo.»

Bi mkubwa alinitazama. Akaitazama mikeka. Akainama, akaokota kadi moja, akasoma «Chetezo», akaitazama tena ile asumini iliyokuwa shingoni mwake.

«Kijana», alisema, «mimi nilikutuma unipangie duka. Umenipangia ndoa?»

Ukimya uliofuata ulikatwa na sauti ya mbuzi. Ami alikuwa ameingia naye uani, amemvuta kwa kamba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Sitaeleza saa nzima iliyofuata. Itoshe kusema kwamba bibi mkongwe ndiye aliyecheka wa kwanza, na bi mkubwa ndiye aliyecheka wa mwisho, na kwamba vyakula vililiwa vyote kwa hoja kwamba vimekwisha kupikwa. Balaa la kazi yangu nililigundua baada ya watu kuondoka. Kadi ya mwaliko haiachwi kwenye mkeka. Mtu hupewa, akaondoka nayo. Katika kadi zangu 144 zilikuwa zimebaki 103. Bahati yangu ni kwamba mafungu nilikuwa nimeyapiga picha kabla ya bi mkubwa kuingia.

Usiku ule nilikaa na picha zile nikihesabu ni kadi zipi zimewekwa fungu moja katika mikeka mingi, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu ya zoezi hili, na matokeo yalipendeza kwa namna ya kutisha: mikeka yote mitatu ilikubaliana karibu kila kitu. Watu wakiingia katika zoezi wote wakiwa na harusi moja kichwani, hata pilipili manga itakuwa ya harusi. Matokeo hayo hayakufaa kitu, na nilimwambia bi mkubwa hivyo.

«Hayafai kwa nini?» aliniuliza. «Kwani wanaonunua masinia sita kwa mpigo wanakwenda kulia peke yao?»

Nilirudia zoezi lote Chake Chake, kwa watu 15 kamili, na humo neno kadi halikutoka mdomoni mwangu hata mara moja. Nilisema vikaratasi, na kile kimoja nikakiandika «Mbuzi ya Nazi». Masinia na mabirika yalirudi jikoni kama nilivyotarajia. Lakini hina, singo, udi na mirashi vilikataa kuachana, na watu tisa kati ya wale kumi na tano, bila ya kuambiwa na mtu, waliliita fungu hilo harusi. Kwa hiyo mlango huo ukawekwa kwenye menyu, na masinia yakawekwa pahala pawili, jikoni na harusini, jambo ambalo lilimsumbua sana bi mkubwa. Sinia moja likae rafu mbili, aliniuliza, siku ya kuhesabu mali itakuwaje?

Menyu ilipokuwa tayari ilibaki kuipima, na kipimo chake, kwa bahati mbaya, kinaitwa jaribio la mti. Unaiondolea tovuti picha na rangi zote ubaki na maneno yake tu, shina na matawi, kisha unamwambia mtu tafuta kitu fulani, unaangalia anaingia tawi gani kwanza na anarudi nyuma mara ngapi. Donna Spencer, mtaalamu mwingine wa kazi hii, alieleza mwaka 2003 namna ya kulifanya kwa karatasi tupu, nami nilifanya hivyo. Nilimwarifu ami kwamba nitakwenda kwake kupima mti. Nilimkuta kasimama chini ya mkarafuu mkubwa kuliko yote shambani, na kando yake mtu aliyekuja na kamba na futi.

Hata hivyo alikubali kukaa. Nilimwekea karatasi mbele yake nikamsomea swali: «Unataka mbuzi ya kukunia nazi. Utaingia wapi?»

Ami hakuitazama karatasi. Alinyoosha kidole kuelekea mwembe wa uani. «Mbuzi wangu yule pale amefungwa, na wewe hujanilipa bado.»

Nilimlipa, kwa ile nusu ya pili. Kadi nazo nilizifuata nyumba kwa nyumba hadi nikazirudisha zote isipokuwa tano, ambazo wenyewe walisema kwamba kadi haidaiwi. Mwezi uliopita nilikuwa barazani kwa shangazi alipoingia mama mmoja kutoka Konde, akapiga hodi, akaketi, akauliza hali zetu mmoja mmoja, kisha akafungua pochi yake akatoa kipande cha karatasi ngumu kilichoanza kuchakaa pembeni. Kiliandikwa «Sinia Kubwa».

«Sina haraka», alisema, «lakini nguo nimeshashona.»