Kongo ndani ya Jumuiya: soko lilitangulia, bunduki hazijanyamaza

Pale Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, boti za mbao zinazovuka Ziwa Tanganyika hupakiwa saruji, sabuni, chumvi ya Uvinza na vikorokoro vya dukani vya kila aina. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Uvira au Kalemie hana muda wa kuuliza kama Kongo kuna amani. Angeisubiri hiyo, angekuwa ameshafunga duka tangu 1996. Swali lake ni jingine, na ni zito zaidi: nikishusha mzigo, nani atanitoza ushuru, na nikirudi wiki ijayo nitamkuta huyohuyo?

Desemba 2025 swali hilo halikuwa na jibu. Tarehe 4, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano mjini Washington mbele ya Donald Trump, yakiambatana na mpango mzima wa ushirikiano wa kiuchumi: umeme, miundombinu, madini, utalii. Tarehe 10, wapiganaji wa M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo, wakaingia Uvira. Zilikuwa siku sita tu. Maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Burundi na vyombo vyao kichwani. Baadaye M23 wakatangaza kwamba wanaondoka kwa ombi la Marekani, lakini aliyekwisha kuvuka mto na watoto usiku harudi kwa sababu ya tangazo.

Mimi ni mtu wa mwisho wa reli, na kwetu huku vita vya Kongo si habari za mbali. Kambi ya Nyarugusu imepokea Wakongo tangu 1996. Kuna watu wazima waliozaliwa pale na hawajawahi kuiona nchi yao. Kwa hiyo nikisikia mjadala wa kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikosea kuipokea Kongo katikati ya vita, siuchukui kama mjadala wa wasomi. Ni mjadala wa kweli, na pande zote mbili zina la kusema.

Tuanze na waliotaka Kongo iingie. Wanasema Kongo haikuanza kuwa jirani yetu 29 Machi 2022, siku wakuu wa nchi walipoikubali. Shaba ya Kolwezi na Lubumbashi imekuwa ikipita Kasumbalesa, ikakatiza Zambia, ikaingia Tunduma na kushuka hadi bandari ya Dar es Salaam miaka mingi kabla ya saini yoyote. Benki ya Equity ya Kenya ilinunua sehemu kubwa ya benki ya BCDC ya Kinshasa mwaka 2020, na KCB, benki nyingine ya Kenya, ikafuata kwa kuichukua benki ya TMB ya Kongo mwishoni mwa 2022. Soko lilikuwa limeshavuka mpaka. Marais walikuwa wanalifuata nyuma na karatasi.

Halafu kuna watu wa mpakani wenyewe. Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda ni miji miwili kwenye ramani, lakini ukiwa pale unaona ni mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Kwenye kivuko cha Petite Barrière, wanawake wa Goma walizoea kuvuka alfajiri kwa miguu kwenda kununua nyanya, kabichi na maziwa upande wa Rwanda, kisha kurudi kuuza kabla jua halijawa kali. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kupigwa risasi na kufa mpakani hapo, Kongo ikaanza kufunga mpaka saa tisa alasiri. Kwa ofisa wa uhamiaji, kubadilisha saa ni tangazo tu ubaoni. Mchuuzi wa nyanya anapoteza mzunguko mmoja wa mtaji, na nyanya haiwezi kungoja kesho.

Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Waliobaki mjini wakaishi kwa pesa za kwenye simu na kwa kuvuka kwenda Gisenyi kutafuta noti. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: mpaka uleule unaolaumiwa kupitisha askari ndio unaopitisha unga. Anayesema "fungeni mpaka hadi amani ipatikane" anazungumza kwa uchungu unaoeleweka, lakini wa kwanza kulala njaa atakuwa mama wa Goma.

Ushahidi unaonishawishi zaidi upande huu uko kwenye Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kushuka hadi Tanganyika. Kituo cha umeme cha Ruzizi II, chenye uwezo wa takriban megawati 44, ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia kampuni yao ya SINELAC. Kimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kimepita 1994. Kimepita vita vya 1996 na vile vya 1998. Serikali za nchi hizo zimeitana kila jina baya lililopo. Kituo kimechakaa na umeme unakatika, lakini hakuna aliyefaulu kukimega, kwa sababu ukikizima unazima taa za kwako pia.

Na sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalikuwa Kagera. Sisemi kuvunjika kwa Jumuiya ndiko kulikoleta vita, maana Amin alikuwa na sababu zake. Lakini meza ambayo viongozi wangelazimika kukutana ilikuwa imeshaondolewa.

Sasa upande wa pili, ambao nakiri una ushahidi mwingi zaidi.

Kongo ilipowasilisha hati zake Arusha na kuwa mwanachama kamili tarehe 11 Julai 2022, mji wa Bunagana, penye kituo cha forodha kwenye mpaka wake na Uganda, ulikuwa mikononi mwa M23 tangu 13 Juni. Hebu tulitafakari hilo. Umoja wa forodha ulipokea mwanachama ambaye mojawapo ya milango yake ya kuingilia umoja huo ilikuwa inashikiliwa na waasi. Masharti ya kujiunga yaliyomo kwenye Ibara ya 3 ya Mkataba yanataja utawala bora, demokrasia, haki za binadamu, ukaribu wa kijiografia, uchumi wa soko. Hayaulizi popote kama serikali inayoomba inatawala mipaka yake. Wala hayasemi nini kifanyike pale mwanachama mmoja anapomtuhumu mwingine kwamba majeshi yake yako ndani ya nchi yake.

Pengo hilo halikuchelewa kuonekana. Novemba 2022 jeshi la kikanda la Jumuiya lilianza kuingia Goma, Wakenya wakitangulia. Kinshasa ilitaka jeshi la kupigana na M23. Nchi zilizotuma askari zilielewa kazi yao ni kukaa katikati na kusimamia M23 wajiondoe. Wananchi wa Goma wakaandamana kulipinga, kamanda wa kwanza, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, akaondoka Aprili 2023, na kufikia Desemba mwaka huo jeshi zima lilikuwa linafungasha. Kongo ikageukia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyoleta askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Hao nao walikutwa na vita vya Januari 2025. Afrika Kusini peke yake ilipoteza wanajeshi 14. Tarehe 8 Februari, Jumuiya yetu (EAC) na SADC zikakutana kwa pamoja Dar es Salaam na kutaka mapigano yasitishwe mara moja. Tarehe 16, M23 wakaichukua Bukavu.

Rwanda inakanusha kuwaendesha M23 na inasema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi yake kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Hofu hiyo si ya kubuni, na asiyeitambua hataelewa chochote kuhusu Kigali. Lakini Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika Azimio 2773 la Februari 2025, lilitamka waziwazi kwamba jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo. Jumuiya yetu haikuweza kutamka hivyo, na sababu iko kwenye Mkataba wake: wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano. Mtuhumiwa na mlalamikaji wote wamo kwenye baraza, na kila mmoja ana uwezo wa kuzuia hukumu. Ndiyo maana Tshisekedi aliacha kiti chake wazi kwenye mkutano wa dharura wa Januari 2025, Goma ilipokuwa imeshaanguka. Nilisikitika, ingawa sikumshangaa.

Wanaopinga wana hoja nyingine ambayo mara nyingi husahaulika. Jumuiya ya kiuchumi ya Kongo, Rwanda na Burundi si wazo jipya. Ilikuwepo: CEPGL, iliyoundwa 1976, makao yake makuu Gisenyi, karibu kabisa na mpaka wenyewe. Ilikuwa na hati zake za kusafiria na miradi yake. Haikuzuia lolote lililotokea kuanzia 1994. Asemaye kwamba biashara pekee huleta amani anapaswa kwanza kueleza yaliyoipata CEPGL.

Kuna hata wanaosema ushirikiano wenyewe ulichochea moto. Juni 2021 Rais Museveni na Tshisekedi walizindua ujenzi wa barabara ambazo Uganda ingezijenga ndani ya Kongo, mojawapo ikiwa ya Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Miezi michache baadaye, Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya 1998 hadi 2003. Nchi moja, jirani yuleyule, mkono mmoja unajenga barabara na mwingine unadaiwa fidia. Wapo wachambuzi wanaoamini kwamba barabara ile iliitia Rwanda wasiwasi wa kupoteza biashara ya Goma kwa Uganda, na kwamba kufufuka kwa M23 kunahusiana na hilo. Siwezi kuifanya hiyo kuwa sababu kuu, kwa maana M23 ina historia ndefu ya ardhi, uraia na mapatano yaliyovunjwa. Lakini inanikumbusha kwamba barabara haina upande mmoja. Inayomnufaisha huyu inaweza kumkosesha yule.

Kubwa kuliko yote ni madini. Rubaya, Masisi, ni machimbo ya koltani, madini yanayotumika kutengenezea vifaa vya elektroniki, yanayojulikana duniani kote. M23 waliyachukua Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza kwamba kundi hilo lilikuwa likijipatia takriban dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza ushuru, huku madini yakivushwa kwa magendo kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ukichukua hali hiyo na kuitungia utaratibu mzuri wa "mnyororo wa madini wa kikanda", uchimbaji uendelee vilevile ila sasa kwa hati safi, utakuwa umehalalisha uporaji. Hili ndilo linaloniogopesha katika mpango wa Washington. Kinshasa yenyewe iliogopa: Oktoba 2025 ilisita kuukubali mpango ule, ikitaka wanajeshi wa Rwanda waondoke kwanza, ndipo ikakubali Novemba.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nadhani tunauliza swali vibaya tunaposema "amani kwanza au uchumi kwanza". Uchumi si kitu kimoja. Kuna biashara inayokufa vita vikianza, na kuna biashara inayonona. Nyanya za Petite Barrière, umeme wa Ruzizi, saruji ya Kibirizi na shaba inayoteremka Tunduma zote zinaumizwa na risasi, na kila anayeshiriki ana sababu ya kutaka zinyamaze. Koltani ya Rubaya katika hali ya sasa haiumizwi. Mwenye bunduki ndiye mwenye mgodi. Ya kwanza iunganishwe leo, hata mabomu yakiwa yanalia, bila kusubiri mtu. Ya pili isubiri mpaka askari wa kigeni watoke na wawe wamehakikiwa kwamba wametoka. Kuyaweka yote kwenye kapu moja, kama yalivyowekwa Washington, ni kuwafanya wauza nyanya kuwa kificho cha wauza koltani.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu: Rwanda haitaondoka bila kupewa kitu, na madini ndiyo kitu chenyewe. Inawezekana. Lakini basi tuseme hivyo kwa jina lake, kwamba tunalipa ili jirani aondoke, tusiuite ushirikiano.

Naunga mkono Kongo kubaki ndani ya Jumuiya, pamoja na malimbikizo yake ya michango na kususia kwake vikao. Ikitoka, mama wa Goma hatapata chochote, na kesi ambayo Kongo imeifungua dhidi ya Rwanda kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki itakosa pa kusimama. Kesi hiyo ni ndogo machoni pa wanadiplomasia. Kwangu ni nafasi ya malalamiko haya kusikilizwa na majaji wetu wenyewe, Arusha, badala ya kuamuliwa katika mji wa mbali. Kinachokosekana ni wakuu wa nchi kurekebisha kanuni ili anayelalamikiwa asiwe na kura kwenye shauri lake. Hilo halihitaji fedha wala jeshi.

Mimi nitaangalia Ruzizi III. Ni mradi wa nchi zilezile tatu, megawati 206, kwenye mto uleule, umezungumzwa miaka mingi. Ukianza kujengwa kabla lori la kwanza la koltani ya Rubaya halijapewa hati safi, nitaamini kwamba safari hii marais waliokaa Washington walikuwa wanazungumza kuhusu watu wa Bukavu ya Kongo, Cibitoke ya Burundi na Rusizi ya Rwanda. Lori likitangulia, wafanyabiashara wa Kibirizi watakuwa wamepata jibu lao.