Nyumba za wafanyabiashara Kendu Bay zisiangushwe hivi hivi

Watu wengi wakitoka Kisumu kwenda Kendu Bay huwa wanaenda kuona kile kiziwa cha Simbi Nyaima na heroe tu, wanapiga selfi wanarudi, mji wenyewe wanaupita kama haupo. Na jamani pale karibu na Ziwa Victoria bado kuna nyumba za zamani za familia za Wahindi waliofanya biashara enzi za meli, juzi nikabahatika kuingia moja, ya gorofa.

Mbele ni duka, juu ndio familia ilikuwa inaishi. Sebule ni nzuri sikatai, madirisha marefu ya kuingiza upepo wa ziwa, lakini kilichonishika ni stoo ya nyuma. Kwenye boriti bado kuna ndoano ya chuma ya kutundika mizani, na hapo chini yake simiti imelika mpaka imebonyea, ni miguu ya watu waliosimama wakingoja gunia lao lipimwe, pamba, njugu, simsim, ngozi, miaka nenda miaka rudi. Mama anayeitunza nyumba akaniambia, "Mwanangu, baba yangu alikuwa anabeba magunia kutoka hapa mpaka gatini. Wageni wanauliza tu tajiri alikuwa analala wapi."

Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, na vibandari vya ziwa vikapata njia ya kupeleka mali Mombasa. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch, India, akaanzia Bagamoyo, akafungua maduka kuifuata reli mpaka huku na Uganda, na wengine wengi wakaingia. Wakulima nao walileta mazao kwa sababu serikali ya mkoloni iliwatoza kodi kwa kila nyumba waliyokuwa nayo, na ilitaka pesa taslimu. Baadaye reli ya kupitia Nakuru na Eldoret ikafika Kampala 1931, mzigo wa Uganda ukapungua ziwani, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika meli zikagawanywa, na lori zikachukua kilichobaki.

Sasa kuna wanaosema hiyo ni nyumba ya Mhindi, inatuhusu nini. Inatuhusu sana! Jasho lililopimwa kwenye ile ndoano lilikuwa la nani kama si la nyanya zetu? Na kama kuna waliopunjwa kwenye mizani, hilo pia lielezwe hapo hapo, wazi.

Mwenye nyumba akishawishiwa auze wajenge gorofa za kupangisha simlaumu, mabati yakitoboka ni yeye anamlipa fundi. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaruhusu nyumba kama hii kulindwa lakini kulindwa kwa karatasi bila pesa ya ukarabati ni kumwongezea mzigo, kwa hivyo kaunti imsaidie na paa kwanza. Halafu wageni wakianza kuja, watembezwe na vijana wa Kendu wenyewe, na waanzie stoo.

Wazee waliobeba yale magunia wamebaki wachache. Mwenye simu ya kurekodi aende sasa, matatu za Homa Bay zinazopitia Katito zinakushusha pale mjini.