Ndege imekanseliwa, mmekwama ugenini na watoto: hoteli alipe nani?

Ile mvua ya Dubai ya tarehe 16 Aprili 2024 wengi tuliiona kwenye klipu, ndege zinakata maji uwanjani utadhani boti ya Zanzibar, tukacheka tukaforwadi. Dada yangu yeye alikuwa huko huko, yeye na shemeji, watoto watatu na mama yetu, wamemaliza matembezi ya Idd, chumba cha Deira wamesharudisha ufunguo, hela imeishia madukani na mabegi yameshapita kwenye mkanda. Kwenye begi moja kati ya hayo ndio kulikuwa na dawa za presha za mama. Mdogo wa mwisho kabakiwa na pampasi mbili. Ubaoni ndege ya Dar imeandikwa imechelewa, baadae imekanseliwa, na kaunta ya shirika lao (silitaji, ila sio lile kubwa la wenyeji) hakuna mtu.

Walikaa siku tatu. Tangu hapo kwenye familia yetu kuna ubishi ambao haujaisha, shemeji anasema shirika lilitakiwa kulipa kila kitu mpaka maji ya kunywa, mjomba anasema mvua kaleta Mungu, shirika lina kosa gani? Mie nimejaribu kuwasikiliza wote wawili na nadhani kila mmoja kashika nusu.

Nianze na mjomba maana hoja yake watu huwa wanaipuuza haraka. Hiyo mvua ilikuwa kubwa kuliko zote tangu waanze kuweka rekodi mwaka 1949, sehemu moja kule Al Ain, mji mwingine wa nchi hiyo hiyo, ilipimwa milimita 254 ndani ya muda usiofika saa 24. Ule uwanja wa Dubai mwaka 2023 ulipitisha abiria karibu milioni 87, sasa ukisimama hata nusu siku tu ndege zinakuwa zimetawanyika viwanja vya watu, rubani na wahudumu wamemaliza masaa yao ya kisheria hawaruhusiwi kuruka hata kama ndege ipo, na barabara ya kuwaleta wengine imezama. Kwa siku mbili safari 1,244 zilifutwa. Hata ungekuwa wewe ndio bosi wa shirika ungefanyaje? Halafu hela yenyewe ya ndege sio kama tunavyodhani, IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, mwaka huo huo walikadiria faida ya mashirika ni kama dola 6 tu kwa kila abiria. Mlaze abiria mmoja hoteli usiku mmoja, umekula faida ya abiria kumi na zaidi, na hiyo itarudi kwetu kwenye bei ya tiketi, ambayo kwa sisi wa Dar tayari inauma.

Hapo mjomba yuko sawa. Anapokosea ni kuchanganya fidia na matunzo, na hapa ndio mambo yote yalipo.

Kule Ulaya wana sheria, namba 261 ya mwaka 2004, inatenganisha hivi vitu viwili. Ndege ikifutwa ghafla kwa sababu iliyo mikononi mwao unaweza kudai fidia ya euro 250 mpaka 600, ikiwa ni hali ya hewa fidia hupati, lakini chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini unapata hata iweje. Mwaka 2010 jivu la volkano ya Iceland lilipofunga anga, abiria kama milioni 10 wakakwama, na kuna shirika lilibisha mpaka mahakamani likasema volkano sio jambo la kawaida kwahiyo halidaiwi chochote. Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hapana, kumtunza abiria ni wajibu wako volkano isiwe volkano, na haina kikomo cha siku. Mie hiyo hukumu naona imekaa vizuri sana, kwasababu haimlaumu mtu kwa mvua, inamuuliza tu baada ya mvua ulifanya nini.

Shida ni kwamba sheria hiyo inaangalia safari imeanzia wapi na shirika ni la nani, sio nani anateseka. Chukua familia mbili zimekwama Dubai sakafu moja. Moja imetoka London kwenda Dar kwa tiketi moja, hiyo inalindwa na sheria ya Uingereza ambayo ni pacha wa hiyo ya Ulaya. Nyingine inatoka Dar kwenda London, shirika ni lile lile na sio la Ulaya wala Uingereza, kwa sheria hiyo haina kitu. Waliobaki, kama dada yangu wa Dubai-Dar, wana Mkataba wa Montreal wa 1999, makubaliano ya nchi nyingi kuhusu madai ya abiria wa ndege, ambao Tanzania imo na Emirati, nchi yenye Dubai, imo, ila ule unasema shirika likithibitisha lilichukua hatua zote za maana kuzuia hasara, limeponyoka. Na wakishakujibu "hali ya hewa" umechoka, nani ataenda mahakamani kwa hela ya taksi?

Na viza usiisahau. Mwenye pasi ya Uingereza akikwama transiti Dubai anagongewa muhuri anaenda hotelini akalale, mwenye ya Tanzania au Kenya lazima awe na viza kabla, la sivyo hata ukimpa hoteli ya mjini bure hawezi kuifikia. Dada yangu angalau viza yao ilikuwa bado hai.

Tena kuna mtego wa kurudishiwa nauli. Siku ya pili wakatumiwa meseji, bonyeza hapa urudishiwe hela yako. Shemeji kidogo abonyeze, mtu mwenye hasira na mtoto analia anabonyeza chochote. Ukishachukua hela yako mkataba umekwisha, hata Ulaya wajibu wa hoteli unaishia hapo hapo, halafu unaenda kutafuta viti sita vipya siku ambayo dunia nzima inatafuta. Mama ndio alikataa. Alisema mie sirudi Dar kwa hela, narudi kwa ndege.

Siku ya tatu wakapewa viti viwili. Viwili! Watu sita. Kompyuta inaona nafasi mbili inajaza, haijui kama hapo kuna mtoto wa mwaka mmoja na bibi wa presha, na nadhani hili ndilo kosa ambalo halina mvua ndani yake, kwani walinunua tiketi moja yenye majina sita. Ikabidi mama aondoke na mjukuu mkubwa, wengine wakafuata kesho yake alfajiri.

Kusema mashirika yote hayajali nayo sio kweli. Emirates, ndio lile kubwa la wenyeji, walikiri wazi, bosi wao Tim Clark akaandika barua ya kuomba radhi, wakasema wamelipia vyumba 12,000 na kutoa vocha za chakula 250,000, na bado mabegi 30,000 yalikuwa yamebaki nyuma. Ina maana inawezekana kulisha watu mvua ikiwa bado inadondoka, ila pia ina maana hata mwenye hela zake anazidiwa, kwahiyo kumngojea shirika asilimia mia ukiwa na watoto ni kujidanganya. Wengine watasema kata bima. Sawa, ila soma kwanza. Ile bima ya viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ya euro 30,000 tunayokata wote ni ya ugonjwa, usidhani lazima italipa na hoteli ndege ikifutwa.

Mie ningeligawa hivi: chumba, chakula na dawa za mama alipe shirika, maana begi la dawa ni wao wamelikalia. Suti mpya ya shemeji aliyonunua eti nguo zimechafuka alipe mwenyewe. Shemeji hataki kusikia, kaziweka risiti zote kwenye bahasha moja, ya famasi, ya taksi, ya chumba cha Deira walichorudia kwa bei mara mbili, na ya suti kaichomeka katikati.