Nambari ya akaunti ikikataliwa, nani mwenye haki ya kuikataa?

Kampuni nyingi ndogo za Nairobi bado zinalipa mishahara kwa jedwali la Excel. Karani wa hesabu anajaza, mkubwa anaidhinisha, faili inapakiwa kwenye tovuti ya benki, kisha simu zinaanza kulia: bawabu wa Industrial Area hajaona kitu ilhali wenzake wamelipwa tangu jana. Mara nyingi benki haina kosa. Akaunti nyingi hapa huanza na sifuri, na Excel isipoambiwa kwamba hayo ni maandishi huyachukulia kama kiasi cha kuhesabiwa. Sifuri ya mbele inaanguka, zilizobaki zinajikunja kuwa kitu kama 1.2E+11, na faili ikihifadhiwa kama CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, kinachohifadhiwa ni hicho kinachoonekana. Tarakimu nyingine zimekwenda na maji.

Hapo ndipo wanaprogramu wanapogawanyika. Kuna wanaosema zipo maktaba ndogo za programu huria, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari, zinazohakiki nambari za akaunti, hazigharimu chochote, basi tuiweke moja mlangoni kabla faili haijatoka. Wengine wanasema nambari za Kenya hazihakikiki kwa hesabu, na kifaa kinachojifanya kuzihakiki ni kibaya kuliko kukosa kifaa. Mimi naegemea upande wa kuiweka, ila si kwa kazi ambayo mashabiki wake wanaitarajia.

Sifa ya maktaba hizi imetokana na IBAN, mfumo wa kimataifa wa nambari za akaunti, na huko zinastahili kusifiwa. Kanuni ni moja kwa nchi zote zinazoitumia: hamisha herufi na tarakimu nne za mwanzo uzipeleke mwisho, geuza herufi ziwe nambari kuanzia A ambayo ni 10, gawanya kwa 97, na baki lazima liwe 1. Ukikosea tarakimu moja, au ukipishanisha mbili zilizo jirani, hesabu inakataa. Ni mistari michache ya msimbo. Kampuni ya maua inayomlipa muuzaji wa Uholanzi haina sababu ya kutoitumia. Lakini Kenya haitumii IBAN, na bawabu wetu halipwi kupitia Amsterdam.

Basi tutazame jirani wa karibu zaidi kwa hali. Nigeria ilianzisha NUBAN mwaka 2010, akaunti ya tarakimu kumi kwa benki zote, ya mwisho ikiwa ya ukaguzi. Chukua benki yenye msimbo 011 na akaunti ambayo tarakimu zake tisa za mwanzo ni 000001457. Tarakimu hizo kumi na mbili zinazidishwa kwa 3, 7, 3 kwa kurudiarudia, na jumla inakuja 81. Ukigawanya kwa 10 linabaki 1; 10 ukitoa 1 ni 9, kwa hiyo akaunti kamili ni 0000014579. Karani akipishanisha 4 na 5, jumla inashuka hadi 77 na kosa linanaswa. Akipishanisha 1 na 4, zote mbili ziko kwenye nafasi za kuzidishwa kwa 3. Jumla inabaki 81 ileile na nambari inapita kama haina doa, hata kama ni ya mtu mwingine. Huo si udhaifu wa maktaba, ni wa kanuni yenyewe, na msimbo ulioandikwa vizuri namna gani hauwezi kuuziba.

Sasa rudi Nairobi, ambako hakuna hata kanuni moja ya kitaifa ya namna hiyo. Akaunti ya KCB ina tarakimu 10, ya Equity 13, ya Co-op 14. Kinachobaki kuhakikiwa ni umbo tu: urefu, kama kuna herufi mahali pa tarakimu, na kama msimbo wa benki upo kwenye orodha, 01 kwa KCB, 11 kwa Co-op, 68 kwa Equity. Wapinzani hucheka hapa. Wanasahau kwamba kosa la Excel ni kosa la umbo hasa. Sifuri ikianguka, 13 zinakuwa 12, na kuhesabu hadi kumi na tatu kunatosha kulinasa.

Hoja yao nzito ni nyingine, nami sina jibu jepesi kwayo. Urefu wa akaunti si sheria ya hesabu, ni uamuzi wa benki, na benki hubadilika. NIC na CBA ziliungana mwaka 2019 zikawa NCBA; Barclays ya hapa ikawa Absa mwaka 2020. Lazima kuwe na mtu wa kufuatilia mambo hayo na kurekebisha orodha, na maktaba ndogo mara nyingi huwa na mtu mmoja anayejitolea jioni baada ya kazi yake ya mshahara. Akichoka, orodha inachakaa kimyakimya. Halafu siku moja inaikataa akaunti halali, na mtu anakosa kodi ya nyumba kwa sababu ya mstari ulioandikwa na mtu asiyemjua.

Usalama nao una pande mbili. Mwaka 2018 maktaba iitwayo event-stream ilikabidhiwa kwa mgeni aliyejitolea kuitunza, kumbe alitia ndani msimbo wa kuiba sarafu za mtandaoni kwenye programu ya Copay. Maktaba inayopitishiwa orodha ya mishahara inaona majina, akaunti na viwango vya watu, mambo yanayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hata hivyo, udogo ndio faida yake: msimbo wote unasomwa mtu akimaliza chai, unanakiliwa ndani ya mradi pamoja na leseni yake, na hausasishwi bila kusomwa upya. Kuzituma nambari hizo kwa huduma ya nje ili zihakikiwe ni kumpa mtu mwingine zaidi data ileile.

Tena kuna jambo ambalo hakuna upande unaolizungumzia vya kutosha. M-Pesa imetuzoesha kuona jina la mpokeaji kabla pesa haijatoka. Maktaba haijui jina la mtu. Mhasibu mjanja akiondoa akaunti ya mfanyakazi na kuweka ya binamu yake, nambari hiyo itapita kila kipimo, kwa kuwa ni halali kabisa.

Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, unaonyesha mpaka unapopaswa kuwa. Mwenye paybill, nambari ya biashara ya kupokelea malipo, anaweza kuomba aulizwe kabla malipo hayajakubaliwa, na akiona akaunti si sahihi anajibu kwa msimbo wa kukataa, C2B00012. Anapojisajili anachagua pia: seva yake isipojibu, malipo yakamilishwe au yafutwe? Shule inayopokea karo ina kila sababu ya kukataa, maana nambari za wanafunzi imezitoa yenyewe na orodha anayo bwana fedha. Karani wa mishahara hana orodha ya wateja wa benki. Anachojua ni mazoea ya benki hiyo tu, na mazoea hayampi mtu mamlaka ya kuzuia mshahara.

Kwa hiyo kwenye faili ya mishahara maktaba na iulize tu. "Akaunti hii ina tarakimu 12, za benki hii kwa kawaida ni 13. Je, sifuri ya mwanzo imeanguka?" Chini yake vitufe viwili, Rekebisha na Endelea, na jina la aliyebonyeza Endelea likibaki kwenye kumbukumbu ili mkaguzi wa hesabu ajue pa kuanzia. Orodha ya urefu na misimbo ya benki ikae kwenye faili ya pembeni, karani aweze kuibadilisha bila kumngoja mwanaprogramu. Na safu ya akaunti kwenye Excel iwekwe kuwa maandishi kabla mtu hajaandika nambari ya kwanza. Hiyo haihitaji maktaba yoyote.